SHERIA NA DESTURI: Ua Uliofunga Njia ya Maji

Katika nchi kavu ya Takaba, magharibi mwa Mandera, ugomvi wa ardhi mara nyingi huanza kwa jambo dogo. Mtu huamka asubuhi, akakata miiba, akazungusha ua mahali alipopapenda. Jirani yake ajapo na ngamia wake, huikuta njia ya kwenda majini, iliyopitwa tangu zama za babu zao, imezibwa. Maneno huanza, fimbo huinuliwa, na mwisho wake watu waliokuwa wakisali safu moja hawasalimiani tena. Je, aliyezungusha ua ana haki?

Yapasa kwanza kujua ardhi ni ya nani. Zamani ardhi ya malisho katika nchi hiyo ilishikwa kwa amana na halmashauri ya wilaya. Katiba ya mwaka 2010 iliiita ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaeleza namna ya kuitunza. Maadamu jamii haijaiandikisha, serikali ya kaunti huishika kwa amana tu. Haina ruhusa ya kuiuza wala kuigeuza mali ya mtu binafsi. Basi miiba haimpi mtu milki.

Mwenye ua aweza kujibu kwamba anayo barua ya kugawiwa kiwanja. Lakini barua si hati ya kumiliki. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba barua ya namna hiyo, peke yake, haimpi mtu haki juu ya ardhi mpaka masharti yake yatimizwe. Anunuaye kiwanja kwa kuonyeshwa barua tu huenda amenunua kivuli.

Jamii iliyokwisha kuandikishwa yaweza kumpa mmoja wao sehemu ya kutumia peke yake, kwa idhini ya wenziwe. Hata hivyo hapewi hati ya peke yake, wala haki yake haiipiti hati ya jamii. Sheria hiyo yaagiza pia kwamba desturi za wafugaji ziangaliwe.

Na aliyezibiwa njia afanye nini? Asiuchome ua usiku, maana hapo mwenye haki hujigeuza mwenye kosa. Sheria yataka jambo lianzie kwa wazee na desturi zao, kisha usuluhishi. Likishindikana ndipo liende mahakamani, ambako kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Lakini dawa iliyo bora ni kuandikisha ardhi kabla ya ugomvi. Watu wazima wa jamii, wanawake kwa wanaume, hukutana na kuchagua kamati ya watu wasiopungua 7 wala kuzidi 15. Kamati hutunza mambo ya kila siku, bali haiwezi kuitoa ardhi kwa shauri lake yenyewe: lazima thuluthi mbili ya watu wazima walioandikwa wakubali. Hapo njia ya ngamia na mahali pa maji huweza kuwekwa wazi, kila mtu akajua mpaka wake.

Wazee walionena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hawakukosea. Na katika nchi ya kiangazi, njia ya maji ni mali kuliko kiwanja.