Mgunga Mmoja, Mtu Hakuna

Duka ninaponunua kalamu hapa Bariadi lina kalenda ukutani: nyika, mgunga mmoja, jua linazama. Mtu hakuna. Wachora majalada nao, ukiwapa riwaya yoyote ya Kiafrika, hata ya Dar na foleni zake, wanabandika mgunga uleule. Jamani, tumechoka.

Picha hiyo ina ukoo wake. Mwaka 1861 Carleton Watkins alipeleka kamera kubwa bonde la Yosemite, Marekani. Picha zake zinatajwa kati ya mambo yaliyosaidia bonde lile kulindwa kwa sheria mwaka 1864. Wenyeji, Waahwahneechee, walikuwa wametimuliwa kwa bunduki mwaka 1851, lakini kwenye picha hilo halionekani. Taifa likatazama likajisemea: hii ndiyo nchi yetu, tumeikuta tupu.

Na huku je? Oscar Baumann alipita Ngorongoro mwaka 1892 akielekea ziwani. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, Wamaasai wanakufa njaa, na yeye mwenyewe aliyaandika hayo. Waliokuja baadaye wakaiona ardhi iliyokimbiwa, wakaiita pori la asili. Hapo ndipo ninapogombana na kalenda: ule utupu una tarehe! Mwaka 1959 filamu ya Grzimek kuhusu Serengeti ikazunguka dunia (Oscar ikapata), na mwaka huohuo Wamaasai wakaondolewa hifadhini.

Sisi wa Simiyu tuko ng'ambo ya mpaka, upande wa magharibi. Tembo wakiingia shambani usiku, habari fupi. Mchungaji akivuka na ng'ombe, mvamizi. Neno hilo linakaa vizuri mdomoni kwa sababu picha imekwisha kutuzoesha kwamba pale hapana mtu.

Mtasema utalii unaleta dola. Sawa, kalenda iuzwe kwa wageni. Lakini kwa nini tujitazame nayo sisi? Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika riwaya ya Myombekere na Bugonoka aliyoimaliza mwaka 1945, hana nyika tupu. Ana njia zenye nyayo, mashamba, pombe, wakwe. Ile nayo ni mandhari, tena ndiyo ninayoijua.

Basi wewe mchapishaji, njoo Bariadi mwezi wa sita, pamba ikiwa mizanini kwenye ghala la ushirika, watu wanabishana kilo. Kamera usisahau.