Karate na Adabu

Wazee wa Mbulu na Katesh wametuuliza: je, yafaa vijana wetu wafundishwe karate? Twajibu: yafaa, lakini mtazameni kwanza mwalimu. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa skuli, na adabu aliitanguliza mbele ya ngumi. Zamani kabla yake Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha tufunza kuwa mwenye nguvu ni ajizuiaye wakati wa hasira, si aangushaye watu kwa miereka. Siku hizi wako wauzao mikanda. Mwanafunzi wa miezi mitatu akajiona shujaa, akawapiga wenziwe kisimani. Huko msipeleke mwana. Ama kuinamia picha ya mwalimu aliyekufa, hilo hatulikubali. Rukuu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Mwambieni mwalimu mapema, na darasa lifungwe kabla ya Magharibi.