Tupime Kwanza, Ndugu Zangu

Wazazi, walimu na kila anayekaa na watoto, naomba leo tumkumbuke Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Lushoto. Walikuwa wakitengeneza aisikrimu, na nafasi kwenye friza iligombewa. Akaogopa kuikosa, akayaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yangali uji mzito. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, kila alipokosea hesabu darasa zima lilisema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Hakunyamaza. Hukohuko Mkwawa alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi. Wenzake wakacheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, ila aliahidi kulijaribu jambo lile. Fundi wa maabara akapima, akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Lakini, akaongeza, wataendelea kurudia mpaka walipate jibu sahihi.

Fundi yule hakuwa mwongo. Alipima, akaona, akasema alichokiona. Ila jibu "sahihi" lilishakaa kichwani mwake kabla maji hayajaingia kwenye friza. Hivyo ndivyo upendeleo tusioutambua unavyofanya kazi: haukatai ushahidi, huuambia tu urudi kesho. Nani kati yetu hajawahi kumwambia mtoto hivyo?

Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969, na jambo lile likabaki na jina la kijana wa Magamba. Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, wakapima upya na hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Niliposikia habari hiyo nilikasirika kabla sijajua walipimaje. Mpemba ni wetu, nilitaka ashinde. Nikawa nimeketi palepale alipoketi fundi yule. Wanasayansi wangali wanabishana, na wana haki ya kubishana.

Basi mtoto akileta neno lisiloingia akilini, tusimcheke, wala tusimshangilie upesi kwa kuwa ni wetu. Tumpe vyombo viwili vinavyofanana, kimoja cha maji ya moto, kimoja cha maji ya baridi, na saa. Kila aliyepo aandike kwanza anachotarajia kukiona. Wenye friza nyumbani, anzeni jioni hii.