Boti Inadunda? Panga Mzigo Kabla ya Kutoa Pesa

Utauliza, Kasesya na boti wapi na wapi, wakati ziwa liko Kasanga? Jibu liko sokoni. Dagaa na migebuka tunayouza hapa mpakani hupanda kutoka Ziwa Tanganyika, na mahindi na maharage yetu hushuka kwenda vijiji vya mwambao. Mwenye boti akipoteza mzigo, na wewe wa huku juu umepoteza. Ndiyo maana leo nagombana na ushauri mbovu kuhusu boti ndogo za kasi: za faiba zenye mashine ya nyuma, na hizi za jeti ambazo baadhi yenu mmeanza kuziulizia.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Boti ikishika kasi, pua inainuka, inaanguka, inainuka tena, kwa mpigo uleule. Huko ndiko kudunda. Anayekuambia "ni kusi tu hiyo" mwambie aijaribu asubuhi, ziwa likiwa shwari. Ikidunda hapo, kosa liko kwenye boti yenyewe au kwenye mzigo wake.

Boti ya kasi huteleza juu ya maji ikiegemea sehemu ya nyuma ya tumbo lake. Uzito ukizidi nyuma, au mashine ikisukuma kwa pembe inayoinua pua, pua hupanda mpaka ikose cha kuiegemeza, kisha huanguka. Maji huisukuma juu, na mchezo unaanza upya.

Sasa sikia ya vijiweni. Wa kwanza anasema: nunua mashine kubwa zaidi. Huko ni kumalizana na mfuko wako! Mashine kubwa ni nzito, nayo inakaa nyuma, palepale penye tatizo. Tena inaongeza kasi, na kasi ndiyo inayoamsha kudunda.

Wa pili anasema: kalisha abiria watatu puani waikandamize. Huu nauita ukatili. Puani ndiko kunakorushwa juu kuliko kote. Mtu akitupwa kutoka pale huangukia mbele ya boti inayokwenda, na propela inamfuata. Mama aliyelipa nauli na mwanawe mgongoni si gunia la mchanga. Nahodha anayemtumia kama jiwe la mizani hafai kupewa boti.

Wa tatu anasema: funga mabati nyuma. Sikatai, mabati ya nyuma na kabari chini ya tumbo hufanya kazi, maana huinua nyuma na kushusha pua. Lakini yanaongeza ukinzani wa maji, na petroli unainunua wewe. Ukiyafunga kabla ya kujua chanzo, umefunika kidonda kwa kitambaa kizuri.

Fuata mpangilio huu, kuanzia kisicho na gharama:

1. Chota maji ya ndani. Boti ikiinua pua, maji yote hukimbilia nyuma. Lita 50 ni kilo 50.

2. Sogeza mzigo mbele kidogo kidogo, mizito kwanza. Madumu matatu ya petroli ya lita 20 ni kama kilo 45. Yakiwa nyuma pamoja na mashine na nahodha, umeshajua kwa nini pua inacheza. Funga kila kitu kwa kamba, kisha jaribu.

3. Angalia pini ya kuinamishia mashine. Zima mashine kwanza, kisha hamishia pini tundu moja kuelekea ubao wa nyuma wa boti. Pua itashuka. Ukizidisha, pua italima maji na usukani utakuwa mzito, rudisha.

4. Punguza kasi. Kuna mwendo ambao kudunda hukoma. Safari ya kuchelewa kidogo ni bora kuliko dagaa kumwagika ziwani.

5. Vuta boti nchi kavu, weka ubao ulionyooka chini ya tumbo, sehemu ya nyuma. Ubao ukibembea, tumbo limevimba. Mpelekee fundi anyooshe.

6. Yote yakishindikana, ndipo uzungumzie mabati au kabari.

Wa boti ya jeti, nanyi anzeni na uzito, kwa nguvu zaidi. Jeti haina propela. Huvuta maji kupitia tundu lililo chini na kuyarusha nyuma. Nyingi hazina pini ya kusogeza, na mashine iliyo ndani tayari imelemea nyuma. Boti ikidunda, tundu hunyonya hewa, mashine inalia bure na msukumo unapotea. Na jeti inayofungwa kwenye mashine ya nyuma badala ya propela hula takriban asilimia 30 ya nguvu. Mfanyabiashara wa magunia, fikiri mara mbili.

Tahadhari moja: usijaze pua kupita kiasi. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba. Ukitoka Kasanga kwenda Kirando, mawimbi yanakupiga kwa nyuma, na pua nzito hujichimbia kwenye wimbi la mbele. Kudunda kukikoma, acha hapo hapo.

Najua atakayesema hana muda wa kupanga mizigo, wateja wanasubiri. Ndugu yangu, muda wa kutafuta mtu ziwani usiku utaupata wapi? Na wewe mwenye gunia, usikae kimya ufukweni kwa sababu boti si yako. Mahindi ni yako. Uliza mzigo umekaa wapi, uliza boti imekaguliwa na TASAC, uliza jaketi okozi ziko ngapi. Nahodha akikasirika, shusha gunia lako utafute boti nyingine.