Waundaji programu wakodi maghala au wajenge yao?

MNAMO Julai 2019, waundaji wa programu za tarakilishi nchini Iran na Syria walifungiwa baadhi ya huduma za GitHub, ghala la mtandaoni ambamo mamilioni ya wahandisi duniani huhifadhi misimbo, yaani maagizo yanayounda programu. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Ghala hilo ni la kampuni ya Marekani, na Marekani ilikuwa imeziwekea nchi hizo vikwazo. Wairani walirejeshewa huduma Januari 2021, leseni ilipopatikana Washington.

Mpangaji hana kauli juu ya nyumba. Google ilifunga ghala lake, Google Code, mwaka wa 2016. Travis CI, ambayo kwa miaka mingi ilijenga na kujaribu programu huria bila malipo, ilianza kuwapimia watumiaji mwishoni mwa 2020. Miradi mingi ikahama.

Ndiposa baadhi huendesha mitambo yao. GNOME na Debian, miradi mikongwe ya programu huria, zilihamia GitLab mwaka wa 2018 na kuiweka katika seva zao wenyewe. Toleo lake la msingi hutolewa bure.

Bure hiyo ina gharama. Seva huhitaji mtu wa kuziba dosari, kutunza nakala za akiba na kulinda mlango usiku na mchana. Machi 2021, wavamizi walipenyeza msimbo hasidi katika seva ya mradi wa PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, wakijificha nyuma ya majina ya wahandisi wake wawili. Mradi huo uliamua kuacha kutumia seva yake na kuhamia GitHub, kule kule wanakokukimbia wengine!

Kwa maoni yangu, kampuni ya vijana watatu jijini Nairobi haina sababu ya kukesha ikilinda seva. Idara ya serikali inayoshika rekodi za raia ni jambo tofauti. Hiyo iajiri wataalamu, na iwatengee fedha kila mwaka, si siku ya uzinduzi pekee.

Hata anayekodi hajafungwa mikono. Git, chombo alichounda Linus Torvalds mwaka wa 2005, humwachia kila mhandisi nakala ya msimbo pamoja na historia yake. Kinachobaki kifungoni ni kumbukumbu za hitilafu, ambazo hazimo katika nakala hiyo, na maagizo ya kujenga programu, ambayo huandikwa kwa mtindo wa mwenye ghala. Anayeyaweka maagizo hayo katika faili inayoweza kutumika kwenye tarakilishi yoyote atahama bila taabu kubwa. Asiyefanya hivyo atayaandika upya, huku wateja wakisubiri.