Ukimlipa mwelekezi wa theluji, umelipia pia neno 'turudi'

Hebu jiweke hapa. Umeamka saa kumi na moja alfajiri, umepanda basi hadi milima ya Nagano, katikati mwa Japani. Umelipa yeni zako elfu kadhaa. Umefunga viatu vya theluji, yale mabapa mapana yanayovaliwa chini ya buti ili usizame, na umetembea saa mbili ukihema kama mtu aliyepanda ngazi za jengo la orofa ishirini. Maporomoko ya maji yaliyoganda, yale uliyoyaona Instagram, yako mbele kidogo tu. Halafu mwelekezi anasimama. Anachoma theluji kwa fimbo yake, anatazama juu mlimani, anageuka na kusema: turudi.

Ungejiskiaje? Mimi nilinuna. Nilikuwa mwanafunzi huko, na doo ya mwanafunzi unaijua. Msee mmoja kwenye kundi letu la watu sita aliuliza bila kupepesa macho, "Kwani si tumelipa?" Mwelekezi aliinama kidogo, akaomba msamaha, kisha akaanza kuteremka. Tukamfuata kimyakimya, kila mtu na hasira zake.

Leo nakwambia wewe unayepanga kwenda Japani, iwe ni kwa masomo, kazi au matembezi: tulikosea kununa. Neno lile ndilo tulilokuwa tumelipia.

Anza na theluji yenyewe. Wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya, tena siku mawingu yakikubali. Japani ni noma tofauti. Upepo baridi hutoka Siberia, ukapita juu ya Bahari ya Japani na kubeba unyevu, kisha ukagonga milima na kuumwaga wote kama theluji. Ndiyo maana unaweza kuwa Tokyo penye jua kavu, ukapanda treni na baada ya saa chache ukakuta nyumba zimefukiwa hadi madirishani. Ukitoka mjini bila kujua hilo, unavaa jinzi na raba, unajiona uko fiti. Jinzi ikilowa, baridi inaingia hadi kwenye mfupa.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Shida ya huku ni kwamba giza lenyewe ni jeupe na linapendeza kwenye picha. Kandokando ya mti kuna shimo lililofunikwa na theluji laini. Ukikanyaga unatumbukia hadi kifuani. Ukingo wa mlima unaouona unaweza kuwa theluji tupu inayoning'inia hewani, chini yake hakuna ardhi. Simu unayoitegemea kwa ramani inaweza kuzima ghafla kwa baridi. Na pale Kamikochi, bonde maarufu la Nagano, barabara hufungwa kwa magari kuanzia katikati ya Novemba hadi Aprili. Anayeingia wakati huo anapita kwa miguu ndani ya handaki refu. Ukiumia humo ndani, hakuna basi la kukurudisha.

Kama unadhani nakutisha bure, tafuta habari za mlima Hakkoda, kaskazini mwa Japani. Januari 1902, wanajeshi 210 walitoka Aomori kwa mazoezi ya kuvuka mlima huo. Inasimuliwa kwamba wanakijiji walijitolea kuwaonyesha njia, wakubwa wakakataa: walikuwa na ramani na dira. Dhoruba ikawapoteza, wakazunguka siku kadhaa. Walikufa 199. Wakati huohuo kikosi kingine kidogo, kilichotoka Hirosaki, kilikuwa kikivuka milima hiyohiyo kikiongozwa na wenyeji. Hakuna aliyekufa kwenye kikosi hicho. Baridi ilikuwa moja, jeshi lilikuwa moja. Mambo kadhaa yaliwatofautisha, lakini moja kubwa ni kuwa hawa walikubali kuongozwa na mtu wa pale.

Najua utaniambia: hata aliye na kiongozi hufa. Kweli kabisa, na sitalikwepa hilo. Mnamo Machi 27, 2017, huko Nasu katika mkoa wa Tochigi, maporomoko ya theluji yaliua wanafunzi 7 wa shule ya upili na mwalimu wao 1. Walikuwa kwenye mafunzo ya upandaji mlima. Mpango wa kupanda kilele ulikuwa umefutwa kwa sababu ya hali ya hewa, lakini mazoezi ya kutembea kwenye theluji yakaendelea. Hawakuwa na vile vifaa vidogo vya redio vinavyowasaidia waokoaji kumpata aliyefukiwa. Vijana wa rika lako, waliowaamini wakubwa wao.

Kwa hivyo sisemi umfuate mtu yeyote aliyetangulia mbele. Nasema uchague mtu ambaye yuko tayari kukukasirisha. Kabla ya kutoa pesa, uliza maswali haya bila aibu: Mtarudi kwa sababu gani, na nani ataamua? Mnabeba vifaa vya redio, fito za kuchoma theluji na mabeleshi? Mara ya mwisho mlighairi safari lini? Akikujibu kwamba yeye hajawahi kurudi nyuma, tafuta mwingine. Mtu akifukiwa na theluji, nafasi yake ya kupona hushuka vibaya baada ya dakika 10 hadi 15. Watakaomfukua ni wale walio naye hapo, si helikopta.

Na upande wetu pia tuache presha. Ukiwa watu sita mnaonuna kila akisema turudi, siku moja atachoka kunung'unikiwa, ataendelea. Video yako ya sekunde kumi na tano haifai kuwa sababu ya mtu kupuuza anachokiona mlimani. Kama bei inakulemea, ngoja mwezi mwingine, au cheza na theluji pale mjini ambako hakuna mteremko. Kwenda milimani peke yako kwa sababu ni bure hakukuokolei pesa, kunahamisha tu gharama kwa watakaokuja kukutafuta.

Yale maporomoko sijayaona mpaka leo. Jioni ile tulikunywa supu ya miso kwenye kibanda karibu na kituo cha basi, viatu vikikauka kando ya jiko, na msee aliyeuliza "si tumelipa" akawa wa kwanza kuomba bakuli la pili. Mwelekezi alituhesabu kabla hatujapanda basi. Tulikuwa sita, kama asubuhi.