FORWADI SI HABARI: KIJANA WA BUDALANG'I, AMKA



Ndugu yangu, dada yangu, leo sina maneno ya kukupaka mafuta. Tunapenda kulalamika kwamba Waislamu wa Busia tumesahaulika. Ni kweli, mara nyingi tumesahaulika. Lakini kuna sehemu ya msiba huu tumejiletea wenyewe, na hiyo ndiyo nataka tuiseme.

Nianze na mimi. Niliwahi kutumiwa sauti kwenye WhatsApp, mtu anajiita daktari, eti chanjo ya malaria imeletwa ili watoto wetu wasizae wakikua. Sikuuliza ni daktari gani, wa hospitali gani. Nikaitupa kwenye magrupu manne na kuandika "tahadhari ndugu zangu." Baadaye mama mmoja jirani akaniambia hakumpeleka mwanawe dozi ya mwisho. "Si ni wewe ulituma? Na wewe umesoma." Mtoto akaugua malaria, akalazwa. Alipona, alhamdulillah. Siwezi kuapa kwamba dozi ile ingemkinga. Lakini najua nani alimnyima nafasi hiyo.

Ukweli ni huu. Chanjo hiyo ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019, na Busia ni moja ya kaunti nane za kwanza kuipata, kwa sababu huku ziwani malaria imekaa kama mwenye nyumba. Dozi ni nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya nne ndiyo rahisi kusahaulika, maana mtoto ashaanza kukimbia. Muuguzi wa zahanati angenieleza haya kwa dakika tano. Sikwenda.

Na usiniambie dini haihusiki. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, hakubahatisha. Aliwaita Muhajirina, akawaita Ansari, akawaita wazee wa Kikureshi, akasikiliza, kisha akarudi Madina. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari Yake. Khalifa mzima aliuliza kwanza. Wewe na bando yako ya shilingi ishirini unashindwa nini?

Sisi tuko mlangoni. Malori yanapita Busia na Malaba usiku na mchana. Uganda ilipotangaza Ebola Septemba 2022, jambo hilo halikuwa la mbali. Mgonjwa wa kwanza wa mpox kutangazwa Kenya, tarehe 31 Julai 2024, alikuwa msafiri aliyetokea Uganda. Ugonjwa hauulizi pasipoti. Uvumi nao hauulizi.

Halafu kuna wale wa "siasa si yangu." Sawa. Mto Nzoia ukivunja tuta, je, maji yatakuuliza kama unapenda siasa? Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe mbele ya bunge la kaunti. Humo ndimo zinapoamuliwa dawa za zahanati na maji safi yenu. Nimekaa kwenye vikao vya maoni; vijana wetu nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kisha mwezi wa saba tunalia tumenyimwa.

Serikali nayo isijifiche nyuma yetu. Tangazo likiwekwa gazetini kwa Kiingereza, siku mbili kabla ya kikao, huko si kushirikisha wananchi, ni kutafuta picha na sahihi. Lakini tuna silaha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi lako kwa Kiswahili, bila malipo ya ombi, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikukatalia, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wangapi kati yetu tumewahi kuandika hata barua moja?

Na historia yako, unaijua? Ukiambiwa Uislamu ni wa Wapwani, wewe umeutoa wapi, una jibu? Ulishika mizizi Mumias katika zama za Nabongo Mumia, ukaletwa na wafanyabiashara Waswahili, kabla mpaka huu haujakaa ulipo. Mpaka 1902 Budalang'i yenyewe ilihesabiwa Uganda. Kwa hiyo mtu asikuite mgeni kwa sababu ya jina lako. Lakini asiyejua kwao huamini kila anachoambiwa na karani.

Sasa kazi. Ijumaa hii, kabla hujatuma chochote, uliza nani kasema, lini, na nani anathibitisha. Mtafute mwakilishi wa wadi yako, umuulize kikao kijacho ni lini. Na nyumbani kwenu kama kuna mtoto wa miaka miwili, fungua kile kijitabu cha kliniki, uangalie dozi ya nne.

Mimi nilienda kumwomba radhi yule mama. Alinisamehe. Lakini yale magrupu manne, sauti ile bado inazunguka.

Wabillahi tawfiq.